Kombe wa Bi Rukia

Chumba chetu cha Majengo, Mombasa, kilinuka shombo mpaka jirani akaacha kuja kuomba chumvi. Sijapata kuona uchafu wa namna ile ndani ya nyumba ya mtu anayesali. Mume wangu Mbwana alilitoa tangi la kioo kwenye hoteli aliyokuwa akifagia, akaliweka mchagoni mwa kitanda, akalijaza maji ya bahari, na humo akafuga kombe. Ndiyo, kombe hao hao wa kuchimbwa matopeni, kawafuga ati kama kuku.

Mimi ni mtu wa Kismayo mjini, na baba yangu alikuwa na bucha. Kwetu tumbo lilizoea nyama. Kila nikimwona kombe akiachama na kuutoa ule ulimi wake mweupe, kama kamasi lenye uhai, nilikimbilia mlangoni nikitema mate. Mbwana akinicheka, akisema watu wa bara hatujui utamu. Astaghfirullah, utamu gani huo wa makamasi!

Ningewamwaga siku ya kwanza, lakini kombe walikuwa wa mamake, Bi Rukia. Mama huyo alitufikia kutoka kisiwa chao cha Koyama, kwa mashua hadi Ras Kamboni, kisha Kiunga, baada ya wenye bunduki kukipora kisiwa na kumwua Aboud, mdogo wake Mbwana. Tangu afike hakuwa akila. Wali anausukuma, samaki anamsukuma, uji anaonja kijiko kisha anageukia ukuta. Alikuwa akituishia machoni, na hospitali walisema hana ugonjwa.

Mbwana akashikilia kwamba dawa ni kombe wa nazi, maana Koyama nzima hakuna aliyemshinda mamake kuwachimba. Maji yakipwa Mbwana alishuka ufuoni Tudor na ndoo. Akawaweka tangini wateme mchanga, kwani kwao kombe mwenye mchanga ni aibu ya aliyempika, na akawaacha humo ili siku mamake akitamka tu kwamba ana njaa, wawe hai.

Hakutamka. Kombe mmoja akafa kakenua, na samaki mmoja akioza wote wameoza. Maji yakawa kama ya kuoshea utumbo wa mbuzi. Mbwana alikuwa kazini. Nikatia mkono hadi kiwiko, yule mfu akanichuruzika vidoleni, nikatapika kwenye beseni. Hapo nikaapa, leo waliobaki wanapikwa, iwe isiwe.

Niliwapika mtandio umenifunga pua. Mbwana aliporudi akafurahi, akampelekea mamake bakuli, na magamba yake juu.

Bi Rukia alilitazama. Uso ukamkunjika, na mkunjo ule niliujua, ulikuwa wangu mimi. Akaziba pua kwa leso. Mbwana akambembeleza, akamwambia ni wasafi, hawana hata chembe ya mchanga.

"Nani alikwambia Aboud tulimzika siku ile ile aliyouawa?" Bi Rukia akauliza. "Tulimtafuta tukamkosa. Na njaa ilituuma, tukawa tunachimba kombe na kula, kila maji yakipwa. Mpaka chuma changu cha kuchimbia kikanasa shati lake. Wale wenye bunduki walimfukia mle matopeni, Mbwana. Mle mle tulimokuwa tukichimba."

 Mvuke wa nazi ulikuwa ukimpanda usoni.

"Mchu atakula nini tena baada ya hapo?" akasema, mtu akimwita mchu kama wafanyavyo kwao.

Mbwana akainuka na lile bakuli, akajikwaa kizingitini, akatoka. Nami nilisimama sijui pa kuweka mikono. Nilimhurumia yule mama kuliko nilivyopata kumhurumia mtu.

Ndipo akaniuliza, mara yake ya kwanza kuniuliza lolote, kama mimi nawala hawa. Nikamwambia sijawahi, nikiwaona tu natapika. Akaishusha leso puani.

"Basi nipe unachokula wewe, mwanangu."

Kulikuwa na anjera ya asubuhi, ule mkate laini wa kwetu, imeshakauka pembeni, na chai iliyopoa. Nikamkatia. Alikula kipande, akanyoosha mkono kutaka kingine, huku tukimsikia Mbwana akitapika mtaroni.