Waya wa Migombani

1.

Juu ya meza ya Atupele:

redio ya kaseti, imekufa upande wa kaseti tu
spika mbili, zimeng'olewa kwenye televisheni ya chogo
swichi ya ukutani
waya mrefu wa kutosha kuvuka migomba
viwiko viwili vya Atupele mwenyewe, ambaye hajala

Wewe uliyeingia sasa hivi, karibu. Angalia tu unapokanyaga, pasi ya kulehemu bado ya moto.

2.

SHERIA YA UKOO
(haijawahi kuandikwa, inajulikana)

(a) Mkamwana hatamwona baba mkwe wake, wala hataonwa naye.
(b) Hatasema naye. Jina lake hatalitaja.
(c) Wakikaribiana njiani, mkamwana atajitosa migombani mpaka mzee apite.
(d) Adhabu: haikutajwa. Hakuna aliyewahi kuuliza.

Huku Rungwe vijana wengi wameshailegeza hiyo sheria. Mzee Anyosisye hajailegeza hata uzi mmoja. (Mimi namtaja jina bila woga, si mkwe wangu.) Na Atupele, mke wa mwanawe, miaka yote aliyoishi pale amemjua mzee kwa kikohozi chake tu.

3.

Ilikuwa hivi.

Mzee anaishi peke yake ng'ambo ya migomba. Mwezi uliopita alianguka karibu na jiko lake. Akaita. Akaita tena. Atupele alikuwa nyumbani kwake, hapo hapo, anajaribu brenda ya watu aliyokuwa ameifunga mota mpya, na brenda inanguruma, na yeye anaifurahia inavyonguruma.

Mzee alikaa sakafuni toka chai ya asubuhi hadi jua linapinduka, ndipo binti yake Subilaga akaja na nguo alizofua.

Tangu siku ile Atupele akiwasha brenda roho inampiga pa! Anazima. Anasikiliza.

4.

Sauti ya Lugano, mumewe, dereva wa lori, kwenye simu toka Tunduma:

"Mke wangu, si tulimnunulia simu?"

"Iko ndani ya sanduku la nguo. Ameizima isimalize chaji."

"Sasa tufanyeje? Subilaga naye ana mji wake. Wewe huwezi kuingia kule."

"Kuingia siwezi."

"Sasa?"

"Nitaingiza sikio."

5.

Spika ni kitu cha ajabu, nakwambia. Watu wanadhani inajua kusema tu. Ukiisemesha, nayo inasikia. Atupele alifundishwa hilo na marehemu baba yake, fundi redio wa Kiwira.

Basi spika moja kwa mzee, ukutani, ndani ya kisanduku cha mbao. Nyingine kwake, juu ya meza ya kazi. Katikati, ile redio ya kukuza sauti. Swichi ikiwa juu, sauti ya kwa mzee inasikika huku. Ikiwa chini, sauti ya huku inasikika kule. Yeye alitaka ya juu tu. Kusikia. Kusema hakuhitaji, na sheria hairuhusu.

Subilaga ndiye aliyekwenda kupigilia kule. Kwa upande wake Atupele alipigilia mwenyewe. Skrubu za swichi zikagoma. Akaigeuza kichwa chini miguu juu, zikaingia vizuri.

Akashusha pumzi. Kazi imekwisha.

6.

Fundi yeyote, awe wa Mbeya au wa wapi sijui, akimaliza kufunga kitu kama hicho atafanya nini? Atasema haloo. Haloo, haloo, unanipata?

Atupele hakusema haloo.

Angemwambia nani?

7.

SERIKALI YA KIJIJI
TANGAZO

Imebainika kuwa waya usiofahamika matumizi yake umepitishwa kwenye migomba pasipo kibali. Mwenye waya huo anatakiwa kufika ofisini bila kukosa na kueleza unabeba nini.

8.

Bombani, ndoo zikijaa:

"Yule anamchungulia mkwe wake kwa waya."

"Kusikia si kuchungulia."

"Sheria ilisema macho. Masikio haikuyataja."

"Wee! Waliokatazana macho wangejua kutakuja waya?"

"Na mzee akioza sakafuni, sheria ndiyo itamzika?"

Mtu akachukua ndoo yake.

9.

Ofisini Atupele aliulizwa waya unabeba nini.

"Kikohozi," alisema.

Mtendaji akaandika: *matumizi ya kifamilia*.

10.

Lakini kikohozi hakikuja. Siku zikapita, spika mezani ni mvumo tu, shhhhh, kama mchele unaopepetwa. Atupele akajiambia: mzee ametulia, Mungu ni mwema. Akaendelea na kazi zake.

Na yeye akifanya kazi husema. Ni tabia. Fundi anayefanya kazi peke yake humsemesha aliye mbele yake, hata kama ni pasi.

"Amka, bwana. Jana ulikuwa mzima, leo unanifanyia nini?"

"Feni wewe una kiburi. Nitakutoa mabawa yote nione utaringa na nini."

"Lugano hajapiga simu. Haya, asipige."

Na siku moja ya mvua, bisibisi mkononi, machozi yakamtoka tu:

"Aliita, na mimi nachezea brenda. Baba wa watu. Akianguka tena nisimsikie, sitajisamehe maisha yangu yote."

11.

Subilaga, mlangoni, kikapu kichwani, anakwenda mnadani Tukuyu kutwa nzima:

"Wifi."

"Abee."

"Mimi nimekatazwa kusema. Ila leo naondoka na roho haijatulia."

"Sema bwana."

"Hicho kisanduku chako… kule kwa Baba… kinakusema wewe."

"Kinanisema nini?"

"Kila kitu unachosema humu! Pasi, feni, Lugano. Baba amehamisha kiti chake, anakaa hapo chini yake toka asubuhi. Nikamwambia, Baba, nimwambie wifi arekebishe? Akanikemea. *Koma*, akasema. *Nyumba imepata mtu.*"

Akaondoka. Kikapu kikatoweka migombani.

12.

Atupele akaitazama swichi.

Juu.

Kichwa chini miguu juu.

Kwa hiyo juu ni chini.

Akakaa. Uso ulimwaka kwa aibu, hata masikio. Hakuigusa pasi wala feni, hakukohoa. Alikaa hivyo muda mrefu, mkono mdomoni, akijikumbusha maneno yote aliyoyasema humo ndani, na hasa yale ya siku ya mvua.

Halafu akanyoosha kidole. Akaishusha.

13.

Shhhhh.

Shhhhh.

"…mbona leo umenyamaza, mwanangu?"

14.

Sauti ya mzee, bila kikohozi. Sauti ya mtu aliyezoea kuongea naye.

"Yule feni amepona? Jana nilikwambia umpe mafuta. Sijui kama ulimpa."

Pumzi.

"Najua unanisikia. Siku zote nakujibu na hunijibu, nikasema huyu kalelewa. Anashika sheria. Nilifurahi."

Pumzi. Kitu kikaburuzwa.

"Na ile siku ya mvua nilikwambia, usilie. Labda kwa kilio hukunisikia. Sikukuwekea moyoni hata kidogo. Ulinisikia nilivyosema?"

Hakusikia. Wala hilo, wala mengine yote. Atupele alikuwa ameshasimama, kiti kimeanguka.

"Sasa, mwanangu. Nipo chini. Nimeteleza hapa kwenye kiti, mguu haunyanyuki. Subilaga amekwenda mnadani. Sikuiti. Sheria ni sheria. Nakwambia tu, ili usije ukajilaumu kwamba sikus…"

15.

Migomba.

Migomba.

Njia ambayo hajawahi kuikanyaga mpaka mwisho.

16.

Mlango ni wa mbao, umerudishwa tu. Atupele alisimama nje, amejifunika kanga mpaka kwenye paji, anahema. Ndani kikohozi, kile kile.

"Ni wewe?"

Miaka yote hiyo, na neno la kwanza halitoki.

"Ni wewe. Huyo anayehema hivyo si Subilaga."

"Baba," alisema.

Sauti ya mzee ikaja pole pole, na ilikuwa inatetemeka:

"Ingia, mwanangu. Mimi nimefumba macho."

Atupele akasukuma mlango, na macho yake yeye akayaacha wazi, apate kumwinua.