Hatuulizi Sababu

Pikapu ilifika karakanani ikisukumwa. Wachukuzi wa sokoni walikuwa nyuma yake wakiimba na kucheka, na ubavuni, mkono ukiwa kwenye usukani kupitia dirishani, alitembea mwanamume ambaye hakuna mtu wa mtaa ule wa Rumonge aliyemjua. Masanduku ya mukeke, samaki wa ziwani, yaliyokuwa nyuma ya gari yalidondosha maji ya barafu njia nzima.

"Amahoro," alisema akihema. "Ni hapa wanafufua demareri?"

"Amahoro. Ni hapa, karibu," alijibu Scovia, akifuta grisi mikononi.

Scovia alizaliwa na kusomea ufundi Kigoma kabla familia yake haijarudi nyumbani Rumonge, kwa hiyo mota ile ndogo inayoamsha injini yeye huiita stata. Mwenzake Jamali, mzaliwa wa hapo hapo Rumonge, huiita demareri, na kila mmoja humcheka mwenzake. Kazi yao ni hii: mteja analeta iliyokufa, anaondoka na iliyofufuliwa, na ile mfu inabaki karakanani isukwe shaba mpya ndani, iende kwa mwingine. Zisiporudi, hawana kazi. Zamani watu waliogopa kulaumiwa kwamba wameziua wenyewe, wakawa wanaziuza kwa wanaoyeyusha vyuma kutengeneza sufuria. Ndipo Scovia akaandika ukutani kwa rangi ya buluu: IKIFA KABLA YA MWAKA, IRUDISHE. TUNAKUPA NYINGINE. HATUULIZI SABABU.

Tangu siku hiyo zilirudi.

Mgeni aliitwa Tahiri, wa Muhuta, na gari alilinunua juzi kwa mwalimu mmoja wa Kizuka. Jamali aliingia uvunguni, akatoka na stata. Ubavuni ilikuwa na alama ya patasi ya karakana yao, ya mwezi wa sita. Mwaka ulikuwa haujaisha. Alipoifungua, yakamwagika maji yenye mchanga.

"Bwana we, gari uliliosha wapi?"

"Ziwani. Si kila mutu anaosha ziwani?"

"Uliliingiza mpaka wapi?"

Tahiri alionyesha mbele ya gari. "Kwenye taa."

"Kwenye taa! Ulitaka kuliosha ao kulibatiza?"

Wachukuzi waliangua kicheko, Tahiri naye akacheka, ingawa jicho lake halikutoka kwenye masanduku ya samaki. Scovia aliinamia stata. Nyaya zilikuwa zimeungua zote. Kuzisuka upya ni kazi ya siku mbili, na mukeke wale wasingedumu hata hadi jioni.

Kwenye rafu zilikuwepo sita zilizokamilika, za aina ile ile. Zilikuwa zikimngojea Generoza, msimamizi wa magari ya ushirika wa mafuta ya mawese, aliyekuwa aje siku hiyo. Wiki iliyopita alikuwa amesema: nikija nikakuta sita, nachukua, na vyuma vyetu vyote vibovu vitakuja kwenu daima, nikikuta pungufu, nanunua mpya Bujumbura. Scovia hakumwahidi kitu. Alimwambia, njoo uone. Kisha yeye na Jamali wakafanya kazi wiki nzima kwa furaha, wakipanga karakana itapanuliwa upande gani.

Jamali alimvuta kando. "Dada, hii si kosa letu. Iko kosa ya ziwa."

"Ukutani tuliandika 'isipokuwa ziwa'?"

"Hatukuandika." Alikuna kichwa. "Tungeandika."

"Tukimrudisha huyu na samaki wake, nani atatuletea chuma tena? Hawa wote wanatuangalia."

"Na Generoza?"

Kabla Scovia hajajibu, Generoza alikuwa ameshashuka kwenye gari lake nje, miwani juu ya kichwa.

"Ziko tayari, binti yangu?"

"Zilikuwa sita, mama. Sasa ni tano. Ya sita ni ya huyu bwana. Kesho kutwa nitakuwa na nyingine."

Generoza alimtazama Tahiri, akautazama ukuta, akayasoma maandishi polepole. "Aliiua mwenyewe?"

"Hatuulizi sababu," alisema Scovia.

"Mimi nauliza. Magari yangu yanalala leo, si kesho kutwa." Hakusema kwa hasira. Alishusha miwani machoni, akaaga kwa heshima, akaondoka kuelekea Bujumbura.

Scovia alichukua stata ya sita rafuni, akaiweka juu ya chuma, akagonga patasi: alama ya mwezi huu. Mwaka wa Tahiri ukaanza upya.

Jamali aliifunga garini. Ufunguo ulipozungushwa, injini iliitika mara moja, na wachukuzi wakapiga makofi.

"Murakoze cane," alishukuru Tahiri kupitia dirishani. "Kwa hiyo ziwani nisiingie tena?"

"Ingia," alisema Scovia. "Ila ishia kwenye matairi."