Muziki Juu ya Sauti ya Mama

Mimi na waya hatuelewani. Nasema mapema ili mtu asije akaniuliza maswali ya kitaalamu baadaye. Nauza vitambaa hapa sokoni Takoradi. Nipe kitenge cha nta nikiwa nimefumba macho, nitakwambia kama ni halisi au ni cha kughushi. Lakini Agosti iliyopita niliingizwa kwenye mambo ya kanda na kamera, na mpaka leo nusu yake sijaielewa.

Kanda yenyewe niliikuta kwenye sanduku la baba, tulipokuwa tunatafuta hati za kiwanja. Ndogo, inaenea kiganjani, imeandikwa kwa kalamu ya bluu: Ekua, kutolewa nje, 2001. Ekua ni mimi. Siku ya nane baada ya kuzaliwa nilitolewa nje alfajiri, nikadondoshewa maji na pombe kwenye ulimi, nikapewa jina, na Bwana Tawiah, mpiga video wa mtaa, akarekodi yote. Miezi saba baadaye mama yangu, Efua Mansa, akafariki kwa homa. Kanda nyingine yenye mama haipo.

Nilipokuwa mdogo tulikuwa na nakala yake kwenye mkanda ule mkubwa wa video, mpaka mashine ikaitafuna. Nilimwangalia mama mara mia. Amekaa kwenye kiti cha plastiki, kajifunga kitambaa cheupe, mdomo unakwenda, kidole kinakwenda, lakini kinachosikika ni magitaa na tarumbeta tu, mwanzo mpaka mwisho. Wapiga video wetu ndivyo walivyo. Sherehe bila muziki juu yake, mteja atasema umemletea kazi nusu. Kwa hiyo sauti ya mama yangu sikuwahi kuisikia, hata kikohozi. Nilikuwa nabuni maneno mwenyewe na kumwekea mdomoni.

"Baba, hii ndiyo ile ya kwanza kabisa? Iliyotoka kwenye kamera?"

"Ni ileile tu. Muziki uleule. Irudishe."

"Sasa mbona umeificha?"

"Nani kaficha? Sanduku langu, nimeweka kitu changu. Hati umeziona au hujaziona?"

Baba yangu, Kobina Essilfie, alifanya kazi reli miaka thelathini, na si mtu wa kukwepa swali. Ukimuuliza utajibiwa, upende usipende. Siku ile alikwepa. Nikachanganyikiwa, na mimi nikichanganyikiwa hukasirika, basi nikaitia kanda kwenye pochi yangu mbele ya macho yake. Hakunizuia, na hilo likanichanganya zaidi.

Duka la kwanza nililokwenda, jamaa alichomeka waya tatu, nyekundu, nyeupe na njano, akaniambia nikae. Picha iliyotoka ilikuwa kama naangalia watu kupitia supu ya karanga. Mama hana hata pua! Na muziki ni uleule.

"Ndiyo ubora wake huo, sista," akasema. "Kitu cha zamani."

"Cha zamani ni wewe," nikamjibu, nikaondoka na kanda yangu.

Nikaelekezwa kwa Fiifi, fundi wa kompyuta nyuma ya posta, mtu mzima mwenye tumbo na miwani iliyogandishwa kwa gundi. Aliinua kanda kwenye mwanga, akaona unga mweupe pembeni, akanigeukia kama mimi ndiye mwizi.

"Nani kaichezesha hii?"

Nikamweleza.

"Huu ni ukungu, dada. Hewa ya bahari. Kila kanda ikizunguka inajikwangua. Mzunguko mmoja umeshaupoteza kwa huyo bwege wa waya tatu."

"Sasa wewe utafanya nini tofauti?"

"Sikiliza. Humu ndani hakuna picha, kuna namba. Yule kazigeuza namba kuwa picha, halafu kompyuta yake ikaikisia ile picha ili irudi kuwa namba. Ni sawa na kutuma salamu kwa mlevi. Waya wangu mimi unazichukua namba zilezile na kuziweka kwenye kompyuta. Hauongezi, haupunguzi."

"Nimeelewa," nikasema.

"Hujaelewa."

"Sijaelewa. Utaweza?"

"Mara moja nitaweza. Mara ya pili siahidi."

Akasema ataisafisha na kuikausha, nirudi Jumamosi saa nne. Usiku wa Ijumaa sikulala vizuri. Nilijua fika kwamba picha ikiwa safi, muziki nao utakuwa safi. Nilichokuwa nakitafuta hakimo. Sasa kwa nini moyo ulikuwa unanienda mbio? Sijui. Labda nilitaka angalau kuona midomo vizuri, nisome neno moja.

Jumamosi nikamkuta baba mlangoni, shati limepigwa pasi, viatu vya kanisani.

"Unakwenda wapi?"

"Kwa huyo Fiifi wako."

"Si ulisema ni ileile tu?"

"Ni ileile. Nakwenda kuiona."

Makubwa! Tukaondoka pamoja.

Fiifi alikuwa amewasha kompyuta moja nene ya zamani, kwa sababu hizi mpya hazina tundu la waya ule, na kamera alikuwa ameiazima kanisani kwao. Akabonyeza. Kanda ikaanza kuzunguka, naye akaweka kidole mdomoni kutunyamazisha, utafikiri kanda ina masikio.

Jamani, picha ile! Niliona maua madogo kwenye kitambaa cha mama ambayo sikujua kama yapo. Niliona jasho juu ya mdomo wake. Ana pengo dogo mbele, na mimi ninalo! Hakuna aliyewahi kuniambia. Mara mbili picha ilivunjika vipande vipande na Fiifi akashika kichwa, kisha ikajiunga tena. Na muda wote, magitaa na tarumbeta. Mdomo wa mama unakwenda, nami nausoma, siambulii hata neno. Baada ya dakika arobaini kanda ikafika mwisho. Machozi yalikuwa yananitoka, na yalikuwa ya hasira.

"Imeingia yote," Fiifi akasema. Kisha akasogea karibu na kioo, akakunja uso. "Ngoja kwanza. Mbona sauti ziko mbili?"

"Mbili vipi?"

Akatuonyesha. Chini ya picha kulikuwa na mistari miwili yenye vilima na mabonde, mmoja juu, mwingine chini, na haikufanana hata kidogo.

"Kamera za aina hii zina njia mbili za sauti. Ya kwanza inabeba sauti ya siku yenyewe. Ya pili inabaki wazi, mpiga video anaongeza muziki baadaye. Kamera niliyoazima imewekwa isome ya pili peke yake, na bila shaka ya yule wa waya tatu pia, ndiyo maana mmesikia muziki tu. Lakini waya umeleta zote."

Sikuelewa. Nilikuwa bado nafikiria mabonde na vilima. Aliyeelewa ni baba, maana alisimama ghafla mpaka kiti kikaanguka.

"Haiwezekani."

"Mzee, hii hapa."

"Nimesema haiwezekani! Nilimwambia aifute."

Nikamtazama baba. Fiifi akatazama kibodi yake.

"Ulimwambia nani afute nini?" nikauliza.

"Tawiah." Alikiinua kiti, akakaa, akainuka, akakaa tena. "Miezi mitatu baada ya kumzika mama yako. Nilikuwa naichezesha kila jioni, niisikie sauti yake. Wewe ulikuwa unatambaa. Ukiisikia tu, unaacha uji, unakwenda mbio kwenye televisheni, unapiga kioo. Halafu unazunguka nyuma ya televisheni kumtafuta. Humpati, unalia. Kila jioni, Ekua. Unazunguka nyuma, unalia, unarudi mbele. Nikashindwa. Nikampelekea Tawiah kanda zote mbili, hii na ile kubwa, nikamwambia futa sauti yote, weka muziki. Akakataa. Nikamtukana matusi ambayo siwezi kuyarudia hapa. Akasema haya, nimekusikia."

"Na mimi ukaniambia wapiga video ndivyo walivyo!"

"Si ndivyo walivyo?"

"Baba!"

"Ningesema nini? Kwamba sauti ya mama yako nimeifuta mimi? Miaka ishirini na mbili nakuona unaangalia ule mdomo, nakuona unabuni maneno. Ningesema nini?"

Sikujua nimpige au nimkumbatie. Kweli sikujua, na mikono yangu ilibaki hewani kama ya mjinga.

"Basi hakufuta, mzee," Fiifi akasema polepole. "Alikudanganya. Aliiacha ile njia ya kwanza, akaweka muziki kwenye ya pili, akakurudishia."

"Mungu ambariki kwa uongo wake," baba akasema.

"Nifungue au nisifungue?"

Baba alinitazama. Alikuwa anaogopa. Sikuwahi kumwona baba yangu akiogopa kitu.

"Fungua," nikasema.

Fiifi akauzima mstari wa chini. Tarumbeta zikakatika. Kwanza kukawa na mvumo, kisha jogoo, kisha sufuria, kisha wanawake watano sita wanaongea kwa pamoja, na hapo nikapatwa na hofu ya ajabu: sikujua yupi ni yeye. Sauti ya mama yangu imo humu chumbani na mimi siitambui! Nikabaki narusha macho kwenye midomo, huyu si yeye, huyu anacheka, yule kageuka. Nilikuwa nimempa sauti nyembamba, ya upole, ya kuimbia mtoto.

Kisha mdomo wake ukafunguka, na ikatoka sauti nzito, yenye mkwaruzo, ya mtu wa kuita wateja kutoka ng'ambo ya barabara.

"Kobina! Kichwa! Shika kichwa cha mtoto, hilo si gunia la mihogo!"

Kwenye kioo, baba akiwa kijana alibabaika na kifurushi cheupe, watu wakacheka. Pembeni yangu, baba wa sasa, mwenye mvi na viatu vya kanisani, aliinua mkono wake wa kushoto, akaukunja, akaufanya kitanda.

"Nimekishika, Efua," akasema. "Nimekishika."

"Haya, hivyo hivyo," mama akajibu kutoka kwenye kompyuta. "Usimwachie."

Baba akalia kwa sauti mbele za watu. Fiifi akatoka nje akasema anakwenda kununua maji. Mimi nikavuta kiti changu karibu na baba, nikaegemeza kichwa kwenye mkono ule alioukunja, na tukasikiliza mpaka mwisho.