Kilumi Ndani ya Sauti Nne

Mwalimu Ndululu alifariki Jumatatu. Kufikia Alhamisi mjane wake, Mbinya, alikuwa na jambo moja tu rohoni: wimbo.

Marehemu alitunga nyimbo za kwaya miaka arobaini, tangu akifundisha mjini Wote mpaka alipostaafu hapa Migwani. Aliziandika kwa do-re-mi katika madaftari ya hesabu, kwa kuwa miraba yake ilimsaidia kupanga sauti nne. Nyimbo hizo zilishinda vikombe, na walimu wakuu wakavifungia vikombe kabatini. Yeye alibaki na madaftari. Juu ya wimbo wa daftari la mwisho aliandika: "Nizikwe na huu. Msibadilishe hata noti moja."

Kikwazo kilikuwa Pasta Mutie. Mwaka wa themanini na tisa alimtenga Ndululu na ushirika miezi mitatu kwa kuwafundisha wanafunzi kilumi, ngoma ya mabibi wa kale ambayo kanisa linasema huita mapepo. Tangu siku hiyo, wimbo wa Ndululu haukuimbwa mbele ya Pasta kabla hajaukagua.

"Mama Kanyiva, pole tena," Pasta alimwambia Mbinya, akivuta kiti. "Lete hilo daftari. Namjua mume wako."

"Kagua tu, Pasta. Hata yeye alijua utakagua."

Pasta alivaa miwani akaimba polepole sauti ya soprano, kisha alto, kisha tenor, mwisho besi. Ndivyo kwaya za huku zinavyojifunza, kila sauti peke yake, na ndivyo alivyozoea kukagua. Kila sauti ilikuwa tulivu kama maji ya mtungini.

"Uzee umemtakasa," alisema. "Lakini mbona kimya kingi hivi? Mtu aimbe noti moja, anyamaze, aimbe mbili, anyamaze tena?"

"Alikuwa na pumu, Pasta."

Mbinya aliinamia birika la chai ili uso wake usionekane. Yeye ndiye aliyemshikia mumewe daftari kitandani, wiki sita, Ndululu akikatakata kilumi kizima kama mbuzi na kuzigawia sauti nne vipande. "Watamla mbuzi mzima, Mbinya," alisema, akacheka mpaka akakohoa, "na kila mmoja ataapa alionja mfupa tu."

Pasta akatia sahihi. Mbinya naye akamwomba Gedion, kiongozi wa kwaya, afundishe kila sauti upande wake na asiziunganishe hadi siku ya mazishi.

Jumamosi, hema zimejaa na jeneza liko mbele, Gedion alimjia mbio.

"Mama, Muthama amepiga simu. Lori la mifugo alilopanda limekwama Tseikuru, na mwimbaji wa besi ni yeye pekee."

Bila besi wimbo ungekuwa na mashimo, na mume wake angezikwa na mashimo.

"Nipeni hiyo besi," Pasta alisema nyuma yao. "Nimeikagua mwenyewe."

Wakaanza. Mstari wa kwanza ulipita kwa adabu. Wa pili, vipande vikaanza kushikana. Susu Katunge, bibi wa miaka tisini aliyevaa sare ya akina mama wa kanisa, akainua kichwa.

"Aiya!" akasema. Mabega yake yakaanza kutetemeka kwa mdundo wa kilumi. Wa kando yake akafuata, kisha benchi nzima.

Katika mstari wa tatu Pasta alielewa. Kila noti yake, katikati ya kimya chake, ilikuwa pigo la ngoma. Alimtazama Mbinya kwa macho makali. Angenyamaza, wimbo ungeanguka pale pale mbele ya jeneza. Mbinya hakumsihi. Alimtazama tu, mkono ukiwa juu ya jeneza.

Pasta akafumba macho, akaipiga besi mpaka mwisho, na kisigino chake kikaipiga pamoja naye.

Baada ya kaburi kufunikwa alimjia, daftari mkononi.

"Pumu?"

"Pumu, Pasta."

"Mwanamke wewe!" Alitikisa kichwa. "Hili nitalikagua upya nyumbani."

Akalitia kwapani, akashuka njia ya mahindi. Mbinya alimfuata kwa macho. Kabla ya kufika langoni hatua zake zilikuwa zimeshakamata mwendo: moja, kimya, mbili, kimya.

Mbinya akageuka haraka, akicheka, amwambie Ndululu.