Shemeji Ndani ya Deraya

Desanka alikuwa ameongoza watalii miaka mingi katika ngome ile ya kando ya mto Danubi, na hakuna kilichomchosha kama shemeji yake. Ljubisav, mdogo wa mumewe, aliajiriwa kiangazi kile avae deraya, vazi la chuma la askari wa kale, asimame langoni, apigwe picha. Kazi yenyewe ilikuwa kunyamaza tu, na hiyo ndiyo iliyomshinda.

Jumamosi moja Desanka alikuwa akilieleza kundi jinsi Waturuki walivyoizingira ngome, Ljubisav akadakia kutoka nyuma.

"Babu zetu wakawatupa mtoni mmoja mmoja."

Watalii wakapiga makofi.

"Shemeji, hakuna aliyetupwa mtoni," Desanka akasema. "Ngome ilisalimu amri. Watu walikuwa wanakufa njaa. Jemadari wa ngome alifungua lango kwa sharti watu wake watoke salama, wakapanda mashua na watoto wao."

"Watu wametoka mbali, wewe unawauzia kushindwa?"

"Nawapa kilichotokea. Rudi langoni ukawe sanamu."

Kwa hasira Ljubisav akaishindilia kofia yake ya chuma kichwani. Ikakwama. Ikabidi Desanka awaache wageni kwenye kibanda cha supu ya samaki, amkalishe shemeji yake ngazini, ampake mafuta ya alizeti shingoni.

"Taratibu, masikio yangu."

"Ungekuwa na masikio ungenisikia niliposema nyamaza."

Kofia ilipotoka, Ljubisav alikuwa mwekundu kama pilipili. Akajifuta mafuta shingoni, akauliza, "Huyo jemadari aliishia wapi?"

"Mfalme wake alimwita msaliti. Alifia ugenini."

"Na watu aliwaokoa?"

"Wote waliokuwa hai."

Kesho yake Desanka alimkuta langoni amezungukwa na wageni. Amepiga magoti, machozi yanamtiririka, anasimulia habari za jemadari, na bibi mmoja wa Kijerumani analia naye. Lango, njaa, mashua: kila kitu kilikuwa sawa. Desanka alianza kuona fahari, mpaka aliposikia habari za farasi mweupe ambaye jemadari alimwachia mtoto yatima.

"Farasi gani tena, Ljubisav? Farasi walishaliwa wote. Nilikwambia palikuwa na njaa."

Wageni wakamgeukia Desanka kwa macho ya lawama, kana kwamba yeye ndiye aliyemla.

"Huyu alibaki, shemeji," Ljubisav akasema, akijifuta machozi. "Ila alikuwa amekonda sana."