Kufa kwa Mwendo wa Disko

Miaka nenda miaka rudi, Oretha Pettway aliwaliza watu wa Filadelfia kwa wimbo mmoja tu: "Ukiondoka Nitakufa." Uliimbwa polepole, kama mtu anayepandisha kabati ngazini. Hata wanaume waliowahi kufukuzwa kwa sufuria waliulilia.

Lakini mwaka wa sabini na saba watu walishachoka kulia, wakawa wanacheza disko. Lonnie Gadsden, prodyuza mwenye kola pana kuliko mabega, akamtoa Oretha saluni alikokuwa akinyoosha nywele za watu kwa chanuo la moto, akamleta studio waurekodi upya. Akamleta na Charisse, binti mbichi mwenye sauti nzuri, akamkalisha kwenye kochi asubiri. Asubiri nini? Oretha hakuhitaji kuambiwa. Akishindwa leo, wimbo wake unahamia kinywa kingine.

Na alikuwa anashindwa.

Kanisani alikolelewa, sauti haifiki pamoja na ngoma. Ngoma hutangulia, mwimbaji huja nyuma akijivuta kama bibi harusi, nao waumini humsindikiza kwa makofi, pigo moja wanaliruka, moja wanalipiga. Hapa ngoma haikuruka kitu, du du du du, wala haikupumua. Oretha alipomaliza kuulilia mstari wa kwanza, vyombo vilikuwa vimeshafika wa tatu.

"Bi Oretha, ifuate ngoma!" Lonnie akaita.

"Hiyo ni ngoma, mwanangu, au mwenye nyumba anagonga mlango?"

"Watu wanataka kucheza."

"Mtu anakufa kwa mapenzi, we unataka acheze?"

Charisse akacheka, akajifanya anakohoa.

Hapo akaingia mpiga gitaa la besi, kachelewa, tumbo mbele. Alikuwa Roscoe, mume wa zamani wa Oretha, yeye mwenyewe aliyetungiwa wimbo, na akaondoka wimbo ukiwa bado wa moto redioni.

"Retha! Bado unanililia tu, mpenzi?"

Oretha akamkagua kichwa. "Roscoe, hiyo rangi nyeusi umepaka nywele au umepaka paji la uso?"

"Ah, usianze."

"Piga gitaa, kaka."

Ngoma ikaanza. "Ukiondoka nitakufa," akaimba, macho kwa Roscoe, na kicheko kikamponyoka. Si aliondoka? Nani alikufa? Yeye Oretha alinenepa, akafungua saluni, akajifunza kulala katikati ya kitanda. Kicheko kikatua juu ya pigo sawasawa, na maneno yakakifuata, kila neno na pigo lake. Yale aliyoyaimba zamani kama aliyepiga magoti, sasa aliyaimba mikono kiunoni.

"Ukiondoka nitakufa! Haya, ondoka tuone!"

Hilo la mwisho halikuwamo kwenye wimbo. Lonnie akajifanya hajui. Charisse akaruka kutoka kwenye kochi bila kuitwa, akaitikia: "Ondoka! Ondoka!"

Wimbo wa disko nao hauishi upesi. Roscoe alirudia nota zile zile mpaka jasho jeusi likamtiririka shingoni, likaingia kwenye kola.

"Tumeupata!" Lonnie akapiga kelele. "Bi Oretha, wimbo ni wako, hakuna mwingine!"

"Najua. Ila mwanzo sijaupenda. Turudie."

"Retha," Roscoe akasema, akipuliza vidole, "malengelenge haya..."

"Pole," alisema Oretha, na kwa kweli alimwonea huruma, kidogo. Kisha akamwambia Lonnie aongeze mwendo.