Shimo Lisilovuja

Fundi Abdulwahid wa Chundwa alikuwa na adui mmoja tu duniani, naye ni ufa. Kazi yake ilikuwa kujenga majabia, yale matangi ya kukinga maji ya mvua, na alijisifu kwamba jabia alilolipiga lipu yeye halijawahi kutoa hata jasho. Ukimkaribisha kwako, kabla hajakaa alikuwa ameshakagua kuta zote. Watu walimheshimu sana, na walimkwepa kidogo.

Sasa kisima cha nyumbani kwake kilikuwa kimeharibika. Kila kiangazi, majabia yakishakauka, maji ya bahari yalizidi kupenya kisimani chini kwa chini, hadi chai ya mkewe, Bi Mwanaarabu, ikawa ya chumvi, hainyweki bila kukunja uso. Bi Mwanaarabu alivumilia, akalalamika, akavumilia tena. Mwisho akasema neno ambalo mumewe hakulitarajia.

"Bwana, mimi nimechoka. Kisima kikibaki hivi, naenda Amu, nikakae mtaa wa Langoni kwa ndugu yangu Rania. Ukitaka, nifuate. Usipotaka, kaa na munyu wako."

Fundi alilicheka jambo hilo mbele za watu, lakini roho ilikuwa juu juu. Alimpenda yule mwanamke. Zaidi ya hapo, alikuwa hajui hata majani ya chai yanawekwa wapi.

Ndipo akaja Kemunto, mtaalamu wa maji ya chini ya ardhi, aliyetumwa na mradi mmoja kutafuta mahali pa kuchimba bwawa pana lisilo na kina. Bwawa hilo lingezungushiwa nyasi na miti, mvua ituame humo, izame polepole, iyasukume nyuma maji ya bahari. Yote hayo aliyaeleza vizuri kwenye mkutano wa kijiji. Tatizo ni kwamba Fundi aliposikia tu maneno "bwawa la mvua" aliinuka akaenda zake. Mambo ya kushika maji, alisema, hakuna wa kumfundisha, sembuse binti aliyeshuka mashuani jana.

Mashamba ya kuchagua yalikuwa mawili: la Fundi, lililokaa mwinukoni juu ya kisima chake, na la jirani yake, Bwana Haidar, upande wa pili wa kijiji. Kemunto alichimba shimo la majaribio katika kila shamba, akasema kesho atatia maji apime. Haidar akaenda zake kulala. Fundi alilitazama shimo lake na moyo ukamwuma. Mchanga mtupu! Maji yangepita kama tui kwenye kifumbu. Fedheha gani hiyo, mbele ya mgeni, tena shambani mwa fundi?

Akachukua mwiko. Akalipiga lipu lile shimo, chini na pembeni, kwa saruji na dawa ya kuzuia maji, akalisugua mpaka likang'aa. Halafu, kwa kuwa muungwana hajionyeshi, akapaka udongo mwembamba juu yake, lionekane limezaliwa hivyo.

Kesho yake Kemunto alianzia kwa Haidar, kisha watu wakajaa kwa Fundi. Kemunto alitia maji, akasimamisha rula, akangoja. Maji yakatulia tuli. Akangoja tena. Nzi akatua juu yake, akanywa, akaruka. Fundi alikuwa akitabasamu mpaka mashavu yanamwuma.

"Hata tone moya, mwanangu," akasema. "Hata tone moya!"

"Mzee, si hiyo ndiyo shida?" Kemunto alikunja uso. "Mimi natafuta mahali ardhi inakunywa. Hapa imekataa kabisa. Kwa Bwana Haidar maji iliingia yote kabla hata sijakaa chini."

Tabasamu la Fundi halikujua liende wapi. "Kwa Haidar? Na kisima chetu je? Kitapata nini?"

"Hakuna kitu. Ule upande maji inateremka kwa bahari tu. Pole, mzee."

Bi Mwanaarabu alikuwa amesimama mlangoni, akasikia kila neno. Aligeuka akaingia ndani, na mara watu wote wakasikia sanduku likiburutwa sakafuni.

"Huenda huu mtanga waona haya mbele ya wageni," Fundi akasema kwa sauti nyembamba, akiuonyesha mchanga. Haidar akaangua kicheko. Kemunto alikuwa tayari anakunja kamba zake, kwa sababu maji ya bahari yalikuwa yanakupwa na mashua isingeweza kungoja. Fundi alitazama mlango, kisha akatazama watu aliowajengea majabia.

"Si mtanga," akasema. "Ni mimi. Nimelipiga lipu."

Hakuna aliyemwelewa, ikabidi aseme tena kwa sauti. Haidar, aliyekuwa hajafurahi hivyo tangu Idi, alikimbilia jembe. Akapiga; jembe likaruka. Akapiga tena, mpini ukamtoka mkononi.

"Hapo kati ndipo pazito zaidi," Fundi akashindwa kujizuia. "Piga pembeni."

Walipokezana hadi lipu ikapasuka, na maji yote yakatoweka kwa mkupuo mmoja. Watu wakashangilia. Kemunto akatikisa kichwa.

"Hiyo siwezi kuandika. Inatakiwa shimo mpya, na maji safi, si ya chumvi. Na yangu ndiyo hiyo imeisha. Itabidi mngoje mwaka ujao."

Haidar mwenyewe aliacha kucheka. Fundi alishika jembe akachimba shimo jingine hatua chache pembeni, peke yake, jasho likimtiririka, bila kujua atatia nini humo, maana majabia yote yalikuwa makavu. Alipoinua uso, Bi Mwanaarabu alikuwa mbele yake na dumu la maji matamu. Rania alimletea kutoka Amu, naye alilificha uvunguni, akichota kikombe kimoja kila asubuhi kwa chai yake. Mumewe hakuwahi kuonjeshwa.

"Mwanangu, pima," akamwambia Kemunto, akaliinamisha dumu.

Akamimina mpaka tone la mwisho. Kemunto akatazama rula. Maji yakashuka, yakashuka, na Fundi akajikuta amepiga magoti, mikono mbele, tayari kuziba. Mkewe akamshika bega. Mchanga ukabaki mweusi, kisha ukaanza kukauka.

"Panafaa," Kemunto akasema. "Tutachimba hapa."

Kelele zilizuka, Haidar akipiga za juu kuliko wote. Fundi hakuzisikia. Alikuwa akilitazama dumu tupu.

"Mwanaarabu, na chai ya kesho?"

"Kesho tutakunywa ya munyu," akasema. "Sote wawili."